Ukibadilisha rangi, bei ni ya lini? Kisa cha oda za Rivian, Machi 2022

Mtu ameweka oda ya gari la umeme ambalo bado halijatengenezwa. Amelipa amana, amechagua betri, rangi, rimu na viti, na chini ya ukurasa ameiona jumla. Gari litamfikia baada ya mwaka, pengine miwili. Katikati ya kungoja anataka kubadilisha kitu kimoja tu, tuseme rangi. Akishabonyeza kitufe cha kuhifadhi, atadaiwa bei ya siku alipoweka oda au bei ya siku alipogusa rangi?

Nimelichambua swali hili kupitia yaliyowapata wateja wa kampuni ya Rivian nchini Marekani mwanzoni mwa Machi 2022. Kwa kawaida jibu hubaki limejificha ndani ya masharti ambayo watu wachache huyasoma. Pale lilitoka hadharani, mkuu wa kampuni akalazimika kulijibu kwa maandishi, na bei za kabla na za baada zinajulikana kwa dola. Katika ununuzi wa magari ya umeme sijui kisa kingine kinachoonyesha vizuri hivyo pengo lililopo kati ya mnunuzi na muuzaji kuhusu maana ya oda.

Rivian ilionyesha magari yake mawili, pikapu ya R1T na R1S yenye safu tatu za viti, Los Angeles mnamo Novemba 2018. Aliyetaka kushika nafasi alilipa amana ya dola 1,000 inayorudishwa. Bei ya kuanzia iliyotajwa siku zile kwa R1T ilikuwa dola 69,000 kabla ya nafuu ya kodi. Miaka miwili baadaye, Novemba 2020, kampuni ilifungua ukurasa wa kuchagulia, na wenye nafasi wakaanza kuunda usanidi wa magari yao, yaani kuchagua kipande kwa kipande kile kitakachotengenezwa. Hapo bei ya kuanzia ya R1T ilishuka hadi dola 67,500 kwa toleo la Explore, na Adventure ikawa dola 73,000. Kwa R1S zilikuwa dola 70,000 na 75,500. Magari yote hayo yalikuwa na mota nne, moja kwa kila gurudumu, na aliyetaka betri ya juu kabisa kwenye pikapu aliongeza dola 10,000.

Tuangalie kwanza badiliko hilo la mwanzo, kutoka dola 69,000 hadi 67,500. Bei ilisogea baada ya watu kulipa amana, na hakukuwa na malalamiko. Sababu moja ni kwamba ilishuka, lakini ninaamini kuna sababu nyingine nzito zaidi: mtu aliyelipa dola 1,000 mwaka 2018 hakuwa na gari lolote kichwani lenye bei yake. Alikuwa na nafasi kwenye foleni. Mwaka 2020 hali hiyo iligeuka. Alikaa mbele ya skrini, akachagua, akaongeza hiki, akaondoa kile ili asipite bajeti yake, kisha akahifadhi. Kuanzia usiku huo alikuwa na gari, nalo lina bei. Kisheria pengine hakikuwa kimebadilika kitu. Kwake yeye mambo yote yalikuwa yamebadilika, kwa sababu alianza kuweka akiba kwa hesabu ile, akaenda benki kuulizia mkopo kwa hesabu ile, na wengine wakayauza magari yao ya zamani wakiwa na hesabu ile mkononi.

Tarehe 1 Machi 2022 Rivian ilitangaza bei mpya. R1T ya mota nne ilipanda kutoka dola 67,500 hadi 79,500, na R1S kutoka dola 70,000 hadi 84,500. Ni nyongeza ya dola 12,000 kwa moja na dola 14,500 kwa nyingine, nje ya vifaa vya ziada ambavyo navyo vilipandishwa. Kupanda kwa bei peke yake kusingezua dhoruba. Kilichozua ni kwamba bei mpya ilielekezwa pia kwa watu waliokuwa wameshakamilisha usanidi wao zamani na walikuwa wanangoja zamu.

Siku hiyohiyo kampuni ilitangaza magari ambayo hayakuwapo kwenye orodha ya zamani: yenye mota mbili badala ya nne, na betri ndogo zaidi iliyopewa jina la Standard, ya kwenda zaidi ya maili 260. R1T ya namna hiyo ilianzia dola 67,500, na R1S dola 72,500. Ukiikagua orodha mpya unaona jinsi ilivyojengwa. Mota nne, zilizokuwa sehemu ya gari, sasa ziligeuzwa kuwa nyongeza ya dola 6,000. Betri kubwa, iliyokuwa sehemu ya gari, nayo ikawa nyongeza ya dola 6,000. Jumlisha dola 67,500, 6,000 na 6,000 unapata 79,500. Kwa R1S, dola 72,500 ukiongeza mara mbili 6,000 unapata 84,500. Ile tarakimu ya 67,500 ilibaki mahali pake mwanzoni mwa orodha, lakini kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimetolewa na kupewa bei ya pembeni. Ni kama mwashi mliyekubaliana naye nyumba ya vyumba vinne, akaja kukuambia kwamba bei haijabadilika hata senti moja, ila kwa bei hiyo utapata vyumba viwili, na atamaliza mwaka mwingine. Maana magari hayo ya mota mbili na betri ndogo yalipangwa kuanza kutolewa mwaka 2024.

Hapo ndipo mada ya kubadilisha usanidi inapoingia kwa nguvu, nami naona wengi walioandika kuhusu kisa hiki waliipita haraka. Kampuni haikusema tu "lipa zaidi." Ilimpa mteja njia ya kubaki karibu na bei yake, na njia hiyo ilikuwa ni kwenda kuhariri oda. Punguza mota, punguza betri, sogea nyuma miaka miwili, na utalipa karibu kile ulichotarajia. Kwa maneno mengine, kupanda kwa bei kulikabidhiwa mteja kama chaguo la kuhariri. Aliyeacha usanidi wake bila kuugusa angelipa bei mpya kwa gari lilelile. Aliyeugusa angelipa bei ya zamani kwa gari jingine. Hapakuwa na mlango wa tatu isipokuwa kufuta oda na kurudishiwa dola 1,000.

Wengi waliuchukua mlango huo. Wengine walipaza sauti. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Machi, mwanzilishi na mkuu wa kampuni, RJ Scaringe, aliwaandikia wateja barua ya kuomba radhi. Alisema kwamba katika makosa mengi aliyoyafanya tangu aanzishe kampuni zaidi ya miaka 12 nyuma, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alieleza kwamba gharama zilikuwa zimepanda katika kila kitu, lakini walikosea kuamua kwamba bei mpya ziwaguse hata waliokuwa wameshakamilisha usanidi wao. Kisha akataja kiini cha jambo lenyewe: kampuni haikuelewa kwamba wateja waliuona usanidi wao kuwa bei iliyofungwa, na ilidhani vibaya kwamba gari la mota mbili na betri ndogo lingewapa bei iliyo karibu na ile ya mwanzo.

Uamuzi ulikuwa huu: kila aliyekuwa na oda hadi tangazo la tarehe 1 Machi ataheshimiwa bei ya usanidi wake wa awali. Aliyefuta oda yake kuanzia tarehe hiyo, akitaka kurudi, atarudishiwa usanidi, bei na zamu yake kama vilivyokuwa.

Barua ile naiheshimu. Ni nadra mkuu wa kampuni kubwa kuandika wazi kwamba tulikosea, bila kuzungukazunguka, na kuweka suluhisho la fedha halisi katika ukurasa huohuo. Kuhusu ukubwa wa suluhisho hilo, kampuni ilikuwa imesema kwamba hadi katikati ya Desemba 2021 ilikuwa na oda kama 71,000 za magari hayo Marekani na Kanada. Zidisha idadi hiyo kwa dola 12,000, ile nyongeza ndogo kati ya zile mbili, unakaribia dola milioni 850. Si kila oda ingefika mwisho, lakini hesabu hiyo ya haraka inaonyesha kwamba ahadi iliyotolewa tarehe 3 Machi ilikuwa nzito.

Kwa upande mwingine, gharama hazikuwa kisingizio. Bei za lithiamu zilikuwa zimepanda mara kadhaa katika muda wa mwaka mmoja, vipuri vya kielektroniki vilikuwa adimu, na tarehe 8 Machi, siku tano tu baada ya barua, soko la metali la London lilisimamisha biashara ya nikeli baada ya bei kuruka kupita dola 100,000 kwa tani. Mwaka huo wa 2022 Rivian iliwakabidhi wateja magari 20,332 na kupata hasara ghafi ya zaidi ya dola bilioni 3, yaani hasara kabla hata ya kuhesabu utafiti na ofisi. Kampuni iliyoamua kuziheshimu bei za zamani ilijua inauza kwa hasara.

Na bado nasema uamuzi wa kwanza ulikuwa mbaya, tena ushahidi ulitoka kwa kampuni yenyewe. Mwezi Mei ilitangaza kwamba tangu bei zipande ilikuwa imepokea oda mpya zaidi ya 10,000, kwa wastani wa zaidi ya dola 93,000 kila moja. Watu waliozijua bei mpya kabla ya kuamua walizikubali na kuweka oda. Kwa hiyo bei mpya haikuwa tatizo kwa mtu aliyekutana nayo akiwa huru kuondoka. Ilikuwa tatizo kwa aliyekwisha kuupanga mwaka wake kufuata bei nyingine.

Kisheria, kwani mteja alikuwa na nini mkononi? Amana inayorudishwa wakati wowote haimfungi mnunuzi, na ni vigumu kudai kwamba inamfunga muuzaji. Ni haki ya kusimama kwenye foleni. Mkataba wa ununuzi huja baadaye, gari linapokaribia. Kampuni nyingine zilitumia nafasi hiyo waziwazi. Tesla ilipoonyesha pikapu yake ya umeme, Cybertruck, Novemba 2019 ilitaja dola 39,900 kwa lile la bei ya chini, na watu wakalipa dola 100 kushika nafasi. Lilipoingia sokoni Novemba 2023, bei ya chini kabisa iliyotajwa ilikuwa dola 60,990. Aliyekuwa na nafasi alikuwa na nafasi tu, wala hakukuwa na bei iliyofungwa.

Lakini mara mteja anapoingia kwenye makubaliano ya oda yenye usanidi, hali inabadilika, na hapa Tesla inatufaa kwa mfano ulio wazi. Masharti yake ya oda kwa Marekani yamekuwa yakisema kwamba mteja akibadilisha usanidi wa gari lake anaweza kupandishiwa bei kulingana na marekebisho yaliyofanyika tangu siku ya oda ya kwanza. Katika mabadiliko ya mteja yanatajwa hata mahali pa kulichukulia gari na tarehe inayokadiriwa. Kwa hiyo jibu la swali letu liko mle ndani. Usipogusa, bei yako ni ya siku ya oda. Ukigusa, unaweza kujikuta kwenye bei ya leo. Sharti hilo silipendi, lakini angalau limeandikwa, na mtu akilisoma hadanganyiki.

Wengine walichora mstari kwa namna rahisi kueleweka. Lucid, kampuni nyingine ya magari ya umeme, ilipotangaza Mei 2022 kwamba bei zitapanda kuanzia Juni, ilisema waliokwisha kushika nafasi, na watakaoshika kabla ya mwezi kwisha, watabaki na bei ya zamani. Ford ilipopandisha bei ya pikapu yake ya umeme, F-150 Lightning, Agosti 2022, toleo la Pro likitoka karibu dola 40,000 kwenda karibu 47,000, ilisema kwamba wenye oda wanaongoja kukabidhiwa hawaguswi. Kwa hiyo kuheshimu bei ya oda lilikuwa jambo lililowezekana hata katika mwaka ule mgumu.

Turudi kwa Rivian. Ahadi ya tarehe 3 Machi ilifunga bei ya usanidi wa awali. Je, aliyetaka kuhariri usanidi huo? Ahadi ya namna hii ikiishia hapo, humwacha mteja na gari lenye bei nzuri ambalo anaogopa kuligusa. Ndiyo maana naona kazi halisi ya kisa hiki ni kuamua sheria ya kuhariri, na kwa maoni yangu kuna njia tatu tu zinazowezekana.

Chukua mwenye oda ya R1T ya dola 67,500 anayetaka kuongeza rangi ya kulipia. Tarakimu za rangi ni zangu za mfano: tuseme kwenye orodha ya zamani iliuzwa dola 1,500, na leo ni dola 2,000. Katika njia ya kwanza, kuhariri ni kuweka oda upya, kwa hiyo gari zima linapewa bei ya leo: 79,500 na 2,000, jumla 81,500. Katika njia ya pili, kilichokuwapo kinabaki na bei yake na kilichoongezwa kinalipiwa bei ya leo: 67,500 na 2,000, jumla 69,500. Katika njia ya tatu, orodha yote ya zamani inaendelea kuishi kwa ajili ya mteja huyo: 67,500 na 1,500, jumla 69,000.

Kati ya njia ya pili na ya tatu kuna dola 500, na watu wenye nia njema wanaweza kubishania hapo bila mmoja kumwona mwenzake mnyang'anyi. Kati ya njia ya kwanza na hizo nyingine kuna shimo la dola 12,000 au zaidi, na shimo hilo linachimbwa na rangi. Sioni hoja yoyote ya gharama inayoweza kulitetea. Kama nikeli imepanda, imepanda kwa anayebadilisha rangi na kwa asiyebadilisha sawasawa; betri zao zinatoka mahali pamoja. Kumpandishia mmoja na kumwacha mwingine ni kutumia kitendo chake cha kuhariri kama fursa ya kuivunja ahadi ambayo mwenzake bado anatimiziwa.

Njia ya kwanza ina ukatili mwingine ambao hauonekani mpaka mtu akwame. Ni mlango wa upande mmoja. Mteja akihifadhi rangi mpya, akaona jumla imeruka, akarudisha rangi ya zamani, mfumo uliojengwa namna hiyo utamsoma kama mtu aliyebadilisha mara mbili. Atakuwa na gari lake lilelile la mwanzo kwa bei ya leo. Kwa sababu hiyo, kwangu mimi, sharti la kwanza la ukurasa wa kuhariri oda ni kumwonyesha mteja bei ya zamani na bei mpya kwa pamoja kabla ya kuthibitisha, na kumpa muda wa kurudi nyuma bila kupoteza kitu. Programu inayoweza kuchora gari katika kila rangi na kila pembe haiwezi kushindwa kuonyesha tarakimu mbili.

Njia ya pili nayo ina upande wake wa giza, nao ni kuondoa. Mteja akiondoa kitu alichokilipia kwa hesabu ya zamani, apunguziwe kiasi gani? Akiondoa rimu zilizokuwa dola 1,500 siku ya oda na leo ni 2,000, haki ni kumpunguzia ile 1,500 aliyohesabiwa. Hilo ni sawa, maana hakuwahi kudaiwa zaidi ya hapo. Lakini akiondoa leo na kuzirudisha kesho, ataongezewa 2,000. Dola 500 zimepotea kwa kusitasita tu. Ndiyo maana mimi naegemea njia ya tatu kwa kila kitu kilichokuwapo kwenye orodha ya zamani, na bei ya leo kwa vile tu ambavyo havikuwapo siku ya oda. Mota mbili hazikuwapo Novemba 2020. Anayezitaka hana bei ya zamani ya kudai. Rangi ilikuwapo.

Kuna pia mabadiliko ambayo mteja hakuyaomba. Agosti 2022 Rivian iliamua kuliacha toleo la Explore, lile la bei ya chini, ikisema wengi walikuwa wanachagua Adventure. Waliokuwa na oda za Explore waliambiwa wachague upya hadi tarehe 1 Septemba. Kwenye orodha ya 2020 tofauti ya matoleo hayo mawili ilikuwa dola 5,500. Hapa mwenye kuhariri kwa kweli ni kampuni, hata kama kidole kinachobonyeza ni cha mteja. Kanuni yoyote ya kuhariri isiyotenganisha hali hizi mbili itamwadhibu mtu kwa uamuzi wa mwingine, na mtu ambaye bajeti yake ilimlazimisha kuchagua toleo la chini ndiye asiye na pa kujibanza.

Mwezi huohuo wa Agosti ulileta jambo jingine lililofanya kuhariri oda kuwa hatari kuliko awali. Tarehe 16 Agosti 2022 sheria mpya ya nafuu ya kodi kwa magari ya umeme ilitiwa saini Marekani. Kuanzia 2023, nafuu ya hadi dola 7,500 ingewekewa ukomo wa kipato cha mnunuzi na ukomo wa bei ya gari: dola 80,000 kwa pikapu na magari makubwa ya aina ya R1S, dola 55,000 kwa magari ya kawaida. Aliyekuwa na mkataba wa maandishi unaomfunga kabla ya tarehe hiyo angeweza kubaki chini ya masharti ya zamani, ambayo hayakuwa na ukomo huo. Rivian iliwapa wateja nafasi ya kutia saini mkataba wa namna hiyo, na dola 100 katika ile amana ya 1,000 zikawa hazirudishwi. Oda iliyokuwa nafasi kwenye foleni ikageuka mkataba. Kwa aliyetia saini, kubadilisha gari tangu hapo kulikuwa ni kugusa karatasi iliyobeba nafuu yake ya kodi.

Kwa aliyebaki nje ya mkataba huo, ukomo wa dola 80,000 uliingia moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuchagulia. Kwa nafuu hiyo, iliyodumu hadi Septemba 2025, bei iliyopimwa ilikuwa ile ya rejareja iliyopendekezwa na mtengenezaji pamoja na vifaa vya hiari vilivyofungwa kwenye gari, bila gharama ya usafirishaji wala kodi. Rangi na rimu vilikuwamo. Kwa bei za zamani, R1T Adventure yenye betri kubwa ilikuwa dola 73,000, ndani ya ukomo. Ukiweka betri ya juu kabisa ilifika 83,000, na nafuu yote ikatoweka. Betri ya dola 10,000 iligeuka kuwa uamuzi ulioweza kugharimu dola 17,500. Rudi sasa kwenye ule mfano wangu wa rangi. Kwa njia ya pili na ya tatu gari lile liko chini ya dola 70,000. Kwa njia ya kwanza ni 81,500. Rangi moja ingempandishia mtu bei ya gari zima, kisha bei hiyo ingemvusha ukomo.

Bei nazo hushuka. Januari 2023 Tesla ilipunguza Model Y ya masafa marefu kutoka dola 65,990 hadi 52,990 kwa siku moja, na Julai mwaka huo Ford ikaishusha Lightning Pro kutoka karibu dola 60,000 hadi karibu 50,000. Kwa mwenye oda ya bei ya juu, siku kama hiyo kuhariri hugeuka kuwa faida, maana anaomba apimwe kwa bei ya leo. Kampuni inayotaka kuaminiwa inapaswa kusema mapema kwamba bei iliyofungwa humlinda mteja inapopanda na humwachia inaposhuka. Anayefungwa pande zote mbili bila kuwa na gari mkononi amebebeshwa hatari ya soko asiyolipwa kuibeba.

Aliye na oda leo na anawaza kuigusa ana kazi ya kufanya kabla ya kitufe. Ahifadhi kwanza nakala ya usanidi wake wa sasa ukiwa na jumla, tarehe na namba ya oda, kwa sababu baada ya kuhariri ukurasa ule unaweza kuonyesha hali mpya peke yake. Asome kama alichonacho ni nafasi au ni makubaliano ya oda, maana majibu ni tofauti kabisa. Aiulize kampuni kwa maandishi swali jembamba lenye jibu la ndiyo au hapana: nikibadilisha kitu hiki peke yake, je, bei ya vingine vyote inabaki ile ya siku ya oda, na nikirudisha je? Jibu la simu halitoshi; mhudumu aliyelitoa anaweza kuwa amehama kazi gari likifika. Na kama anataka kubadilisha vitu vitatu, ni heri aamue vyote kwanza kisha ahariri mara moja, kwa sababu kila kuhifadhi ni tarehe mpya ambayo mfumo unaweza kuishika.

Kesi ya mahakamani iliyofunguliwa mara baada ya tukio la Machi haikuletwa na wateja. Waliileta wanahisa, wakidai kwamba kampuni ilipouza hisa zake kwa umma Novemba 2021 kwa dola 78 kila moja haikuwaeleza kwamba vifaa vya magari vilikuwa vinagharimu kiasi cha kulazimu bei kupanda. Oktoba 2025 Rivian ilikubali kulipa dola milioni 250 kuimaliza, bila kukiri kosa. Wateja walikuwa wamemaliza shauri lao siku ile ya tatu ya Machi, kwa barua, na kwa kurudishiwa gari waliloliunda kwa bei waliyoiona walipoliunda.